Koili ya Mita Arobaini

Kila mahali nilipohama niliondoka na kitu kidogo. Mafinga nilichukua fundo la mbao ya paini lililokuwa likitupwa pale kiwandani. Ubaruku nilichukua kopo la kupimia mchele lililotoboka kitako. Havina kazi. Vinakaa kwenye mfuko wa turubai chini ya kitanda changu hapa Uyole, na nikihama tena, maana najijua, vitahama nami.

Kimoja kati ya vitu hivyo ndicho kilichonirudisha Iringa mwaka jana.

Ni koili ya transmita ya zamani, ya wale watu waliokuwa na kibali cha kuzungumza kwa redio kutoka nyumbani kwao. Bomba la kauri nyeupe, nene kama gunzi la muhindi, lina pini tano za shaba chini, na juu limepakwa rangi nyekundu ya kucha. Zamani lilikuwa limezungushiwa waya wa shaba. Nilipoichukua nilikuwa na miaka ishirini na saba. Sasa nina arobaini na nane.

Wakati ule nilifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Iringa, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa palepale, aliyekuwa akiwasalimu wateja wake kwa Kihehe, "Kamwene," kabla hawajamsalimu wao. Wateja walimwita bosi. Mimi nilimwita mzee. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona duka lingine. Dirishani, kwa ndani, aliweka sinia la bati, na humo alitia kila kilichobaki bila mwenzake: nati isiyo na bolti, kufuli lisilo na ufunguo, bawaba moja. Mtu yeyote aliruhusiwa kuchukua bila kuuliza. "Kilichokaa dirishani ni cha Mungu," alikuwa akisema. Watu walikuja toka mbali kupekua sinia lile, na ukweli ni kwamba wengi walinunua na misumari walipokuwa pale.

Saa saba mchana duka lilifungwa kwa saa moja. Wenye maduka wengine walipanda juu kula na kulala kidogo. Yeye alikwenda chumba cha nyuma, akaketi mbele ya transmita yake kubwa ya chuma kijivu, akazungumza na Mbeya.

Transmita za namna ile hazikuwa na kitufe cha kubadilishia masafa. Ulichomoa koili moja kwa mkono ukachomeka nyingine. Alikuwa nazo nne kwenye sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa, kila moja na tundu lake, kila moja na rangi yake juu, rangi alizoiba kwenye chupa za kucha za mkewe. Yenye waya wa mizunguko michache ilikuwa ya watu wa mbali, ng'ambo ya bahari. Yenye mizunguko mingi ilikuwa ya karibu, jua likishazama. Nyekundu ilikuwa ya masafa yanayoitwa mita arobaini, na mchana ndiyo iliyofika Mbeya vizuri kuliko zote. Mimi sikuruhusiwa kuzigusa. Kazi yangu ilikuwa kuketi mlangoni na bakuli langu la wali, nikisikiliza.

Aliyejibu kutoka Mbeya alikuwa mwalimu mstaafu, mkulima wa milimani. Sikuwahi kumwona. Niliijua sauti yake kwa miaka mitatu, nzito, yenye kikohozi kifupi kabla ya kila neno la maana. Walizungumza habari za transmita zao, za vali, zile taa za kioo za ndani ya mtambo, zilizoungua, za magoti. Mwishoni kila siku mzee aliuliza, "Huko mvua?" na yule akajibu. Mara nyingi alijibu kwamba ni ukungu tu. Baada ya hapo mzee alizima mtambo, akanitazama kama aliyesahau kwamba nipo, akasema, "Haya, fungua duka."

Sikugombana na mtu. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia uliondoka bila kuaga hudhani kulikuwa na ugomvi. Nilikuwa nimelipwa haki yangu, nimekula chakula chao, mkewe, niliyemwita Mama, alinishonea shati. Ila siku moja ya Jumanne niliamka na ule mwasho wa miguu ninaoujua, na kufika saa saba mchana nilishajua kwamba naondoka. Mzee alikuwa juu, anakula na mkewe. Nilisikia vijiko. Redio siku ile ilikuwa kimya na sikujiuliza kwa nini. Nilitundika ufunguo kwenye msumari wake. Nikapita dirishani, nikatazama sinia nipate cha kuondoka nacho, na juu ya nati na bawaba ilikuwa imelala koili nyekundu, jua linaimulika. Nikasema moyoni, ameitupa. Nikaitia mfukoni, nikashuka hadi Ipogolo kwenye barabara kuu, nikapanda basi la kwanza lililosimama.

Karibu na Mafinga niliitoa mfukoni kuitazama. Kidole gumba changu kilikuwa kimenata. Kwenye ukingo wa kauri, chini kidogo ya rangi nyekundu, kulikuwa na vanishi, mbichi bado, na ndani ya vanishi ile alama ya kidole changu, mistari yote inaonekana.

Hakuna mtu anayepaka vanishi kitu anachotupa. Alikuwa ameitengeneza asubuhi ile na kuiweka mahali pekee ndani ya duka palipofikiwa na jua, ili ikauke. Ndiyo maana redio ilikuwa kimya.

Basi lilisimama Mafinga. Nilishuka. Upande wa pili wa barabara lilikuwapo jingine linalorudi Iringa, konda anaita abiria, viti vipo. Nilisimama pale na mfuko wangu mpaka likaondoka. Kisha nikaenda kuuliza kazi kwenye kiwanda cha mbao.

Miaka ile ya Mafinga nilijiambia kwamba ilikuwa kwenye sinia, na cha kwenye sinia ni cha Mungu. Nilijiambia hivyo hata Ubaruku, nilikofanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ubaruku ina mbu wengi kuliko watu. Chumba nilichopanga hakikuwa na pa kufungia chandarua, nami sikuwa na kamba, na usiku wa kwanza nililiwa hadi nyayo. Kesho yake niliipasha koili moto juu ya mshumaa hadi vanishi ikalegea, nikaufungua waya wote, nikaufunga kutoka msumari hadi msumari, nikatundika chandarua. Nililala vizuri. Nilipohama miaka mitano baadaye nilichukua kopo lililotoboka na lile bomba la kauri tupu. Waya niliuacha ukutani.

Mwaka jana dereva mmoja wa lori la mbao, tuliyejuana tangu Mafinga, alisimama Uyole kununua viazi, akaja kibandani kwangu, ninapotengeneza redio, spika na chaja.

"Yule mzee wako wa redio anafunga duka," alisema. "Binti yake anamchukua Dar mwisho wa mwezi. Rafu zote nyeupe."

"Bado yu hai?"

"Sasa wewe unadhani wanamhamisha nani, rafu?"

Alicheka, akaondoka na viazi vyake. Mimi sikufanya kazi tena siku ile. Nilitoa mfuko chini ya kitanda, nikaishika ile kauri. Alama ya kidole ilikuwapo. Niliweka gumba langu juu yake lakini halikukaa sawa tena, kwa kuwa msumeno wa Mafinga ulilichonga pembeni.

Kuisuka upya haikuwa kazi. Hapa Uyole wapo mafundi wa kusuka mota wenye waya wa kila unene, na mizunguko ningeihesabu kwa mistari iliyobaki kwenye vanishi: kumi na sita. Nusu saa ingetosha. Lakini niliona kwamba nikipeleka waya mwingine nitakuwa nimelipa. Nilitaka kurudisha.

Kwa hiyo nilikwenda Ubaruku.

Nyumba ipo, imepigwa rangi ya kijani. Mlangoni pa chumba changu cha zamani aliketi mwanamke wa miaka thelathini hivi, anapepeta mchele. Nilimsalimu, nikaeleza kwamba niliwahi kukaa humo, na kwamba kama haitamsumbua ningependa kuona kama waya wa chandarua ni uleule.

Aliacha kupepeta. "Kaka, umetoka wapi?"

"Uyole."

"Umetoka Uyole kuja kuangalia waya."

"Ndiyo."

Aliita kwenye dirisha la jirani bila kugeuza kichwa. "Mama Mdogo! Njoo umwone mtu ametoka Uyole kuja kuangalia waya!"

Mama mdogo alikuja, mtu mzima, kitenge kifuani, akanitazama toka juu hadi chini. "Huyo ameficha hela ukutani. Usimwache peke yake."

Waliingia nami wote wawili. Waya ulikuwapo, msumari hadi msumari, umekuwa mweusi kwa moshi wa jiko, na chandarua cha yule dada kinaning'inia. Nilikuwa nimebeba kamba ya nailoni mpya. Nilimwomba tubadilishane. Alivuta kamba, akaijaribu kwa meno, akakubali. Nilipoufungua waya niliupima kwa mkono, nikaona umepungua, kama upana wa viganja viwili.

"Kipande kingine kiko wapi?"

"Kaka, sasa unanidai?" Lakini alicheka, akaenda nje, akarudi na beseni la plastiki ambalo mpasuko wake ulikuwa umeshonwa kwa waya wa shaba, mishono mizuri kama ya cherehani. "Hiki hapa. Hiki sikupi. Beseni langu litavuja."

"Nitakununulia beseni."

"Beseni hili nililetewa na mama yangu."

Mtu anayebeba kopo lililotoboka hawezi kubishana na mtu kuhusu beseni la mama yake. Nilimshukuru, nikaondoka na mizunguko kumi na tano kati ya kumi na sita. Nyuma yangu nilimsikia mama mdogo akisema, "Angalia vizuri ukutani, mwanangu. Hawezi kuwa alikuja kwa ajili ya waya tu."

Niliisuka usiku ule kwenye nyumba ya wageni. Waya ulikuwa unakumbuka. Popote nilipouachia ulijipinda wenyewe, upana uleule wa zamani. Kwa mzunguko wa kumi na sita niliunga kipande cha waya mpya nilichopewa na fundi mmoja wa mota palepale Ubaruku, kikawa kinang'aa peke yake mwishoni, kama jino la dhahabu.

Iringa nilifika saa sita na nusu mchana. Dereva alisema kweli, rafu zilikuwa tupu, zimebaki alama za vumbi za makopo ya rangi. Mzee alikaa nyuma ya kaunta kwenye kiti chake kilekile. Amekuwa mdogo. Miwani ilikuwa imekua badala yake.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Vimeisha vyote, bwana. Zimebaki bawaba."

Nikamweleza mimi ni nani. Aliinuka, akashika kaunta, akaja upande wangu, akanitazama kwa karibu sana kama mtu asomaye lebo ya dawa. Nilitoa koili nikaiweka mkononi mwake. Aliipapasa, pini, kauri, waya, akafika kwenye kiungo.

"Hapa umeunga."

"Ndiyo, mzee. Kipande kimebaki Ubaruku." Nikamwambia yote, sinia, vanishi, basi la Mafinga lililokuwa linarudi, chandarua, beseni. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka ishirini na hotuba yenyewe ilikwisha haraka.

Alianza kucheka taratibu, mabega yanatikisika. "Umekwenda Ubaruku kufuata waya. Bwana wewe, mimi nimeuza waya maisha yangu yote. Unadhani nilikosa waya? Siku ya tatu nilisuka nyingine. Siku ya nne nilikuwa naongea na Mbeya."

Nilijisikia mwepesi na mjinga kwa pamoja. Miaka ishirini, kichwani mwangu, nilikuwa nimemnyamazisha mtu ambaye hakuwahi kunyamaza.

"Ilikuwa kwenye sinia," aliendelea. "Kosa langu, nilitaka jua. Koili ilikuwa kwenye sinia. Wewe hukuwa kwenye sinia." Hakuwa anacheka tena. "Mama aliweka chakula chako mlangoni siku tatu. Mimi nikamwambia wa Mbeya, kijana wangu kaondoka, huenda kaja huko, mtazame. Kila siku nilimuuliza. Yeye alikuwa akishuka sokoni Uyole kununua mbolea, anauliza watu wa stendi."

"Alikaa Uyole?"

"Juu kidogo. Njia ya Tukuyu, panapoanza kupanda. Hukujua?"

Sikujua. Hapa Uyole nina miaka minane. Sauti ile ningeitambua kwenye kelele za soko zima, na huenda alipita mbele ya kibanda changu mara mia akiwa amenyamaza, kama watu wanavyonyamaza wanapobeba mbolea. Ningeweza kuuliza. Niliijua kazi yake, nilijua kwamba ana nguzo ya antena uani, na hata hivyo sikuwahi kuuliza mtu, kwa kuwa kumtafuta kungekuwa sawa na kurudi Iringa.

"Nikamwone?" niliuliza.

"Alifariki mwaka juzi. Mama alitangulia kabla yake." Alitazama saa ya ukutani. "Funga mlango. Inakaribia saa saba."

Chumba cha nyuma kilikuwa na maboksi yaliyofungwa kwa utepe wa gundi, lakini transmita ilikuwa bado mezani. Binti yake amemwambia Dar hakuna pa kuiweka, wala pa kusimamisha antena. Alichomoa koili iliyokuwamo, ile aliyoisuka siku ya tatu, akanipa yangu. "Chomeka wewe."

Sikuwahi kuruhusiwa. Pini zilisita, kisha zikaingia kwa mlio mdogo.

Kabla ya kurusha chochote hewani alikuwa na desturi ya kuijaribu transmita kwa balbu. Mawimbi yanaingia kwenye balbu badala ya antena, na ikiwaka ujue koili iko sawa. Balbu za namna ile siku hizi ni shida kupata. Yake aliitunza ndani ya soksi. Aliwasha, akasubiri vali zipate moto, akabonyeza. Balbu haikuwaka. Alizungusha kitasa polepole, akapitiliza, akarudi. Uzi ndani ya kioo ukawa mwekundu, kisha wa chungwa, kisha chumba chote kikapata vivuli.

"Kumi na tano na jino la dhahabu," alisema. "Inafanya kazi."

Alihamisha waya kwenye antena, akavuta maikrofoni. Akatamka namba yake ya kibali kwa Kiingereza, halafu akasema kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, sauti ya mtu aliye sebuleni mwa mwenzake, "Mbeya, Mbeya, huku ni Iringa. Unanisikia?"

Akaachia. Ulitoka mvumo, kama mvua juu ya bati la jirani. Akaita tena. Mvumo. Nilielewa kwamba amekuwa akifanya hivi kila siku tangu mwaka juzi, saa saba mchana, na kwamba hakutarajia kitu.

Mara ya tatu hakuita. Alizima mtambo, akabaki ameshika maikrofoni.

"Basi jibu wewe," alisema bila kugeuka. "Si umetoka Mbeya?"

Nilikuwa nimekaa kwenye boksi, hatua moja toka kwake.

"Mbeya anasikia, mzee."

"Huko mvua?"

Nilifikiria Uyole nilivyoiacha jana yake, asubuhi, malori yamewasha taa, mlima hauonekani.

"Bado. Ni ukungu tu."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama aliyepokea habari aliyoisubiri. Vali zilipoa zikitoa milio midogo ya kioo.

Kisha alichomoa koili, ikiwa bado na joto, akajivuta hadi dukani akishika ukuta. Nilimfuata nikidhani anataka kuifunga kwenye boksi pamoja na nyingine. Alikwenda dirishani. Sinia lilikuwapo, lina bawaba mbili. Aliiweka koili juu yake, mahali palipokuwa na jua, akarudi kwenye kiti chake, akaketi.

Saa nane ilifika. Hakusema, "Fungua duka." Nilifungua mlango mwenyewe, nikapita dirishani, nikasimama.

"Mzee, naichukua hii."

"Cha Mungu hicho," alisema. "Chukua."

"Na mimi naondoka. Kwaheri, mzee."

Alinyanyua miwani, akafuta macho kwa pindo la shati, akairudisha ili anione vizuri.

"Kwaheri, bwana," alisema. "Sasa ndiyo umeondoka."